Mvua ikipiga mabati mtoto anatoka mbio, na mwalimu wake ameshachoka

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, huku kaskazini. Cheo nimekishika tangu Julai mwaka jana. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Hisabati kwa miaka 11, na ofisi sikuwahi kuiota. Mambo machache nimeyageuza ili mtoto ninayemsema asijulikane, lakini kisa ni hicho hicho.

Tuna binti sasa yuko Darasa la Tano. Alihamia kwetu Januari 2024 pamoja na mdogo wake wa kiume, wanaishi kwa mama yao mdogo. Fomu ya uhamisho ilitaja shule aliyotoka na basi. Ni mtoto msikivu, mwandiko wake mzuri. Tatizo ni mvua. Darasa lake halina dari, na mvua ikianza kupiga mabati anainuka, anaruka madawati na kutoka mbio. Anakwenda darasa la mdogo wake, anamkamata mkono, anamvuta hadi uwanja wa mstarini. Utawakuta wamesimama pale katikati, wameloa chapachapa, daftari zimeharibika. Darasa la watoto 87 linabaki linacheka na lile la wadogo linabaki linalia.

Mwezi Novemba, alipofanya hivyo mara ya tatu, mwalimu wa zamu aliniletea ofisini. Nilimchapa viboko viwili mikononi. Mimi mwenyewe. Hakulia. Alificha mikono kwapani akaniuliza, "Mwalimu, mdogo wangu yuko wapi?"

Kesho yake mama yake mdogo alikuja. Ndipo nikajua kwamba watoto hawa wametoka Katesh, mkoani Manyara, na kwamba tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliondoka na wazazi wao na kichanga. Wao wawili waliokolewa na jirani.

Tangu siku hiyo mwalimu wa darasa la binti si yule ninayemjua. Ni dada mdogo tu, ana miaka minne kazini. Asubuhi akifika anaangalia mawingu kabla hajasaini. Wiki iliyopita alilia ofisi ya walimu mbele ya wenzake, akasema hawezi tena, kila usiku anamwota yule mtoto. Mwalimu mmoja wa siku nyingi akamwambia, "Hata sisi tulichapwa, tukafiwa, tukawa watu." Mimi nikataka kumtia moyo, nikamwambia avumilie, ualimu ni wito. Alinitazama tu, akachukua pochi yake akatoka. Jumatatu akaniletea barua ya kuomba uhamisho.

Mama, nimefundishwa kuandaa mpango wa shule, kuingiza matumizi kwenye FFARS, ule mfumo wa hesabu za fedha, na kuongoza kikao cha kamati. Hili hakuna aliyenifundisha. Nimsaidieje mwalimu huyu? Na hiyo barua niipitishe?

Mwalimu Mkuu asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza juu ya mwalimu, nami nitafika kwake. Lakini vumilia nianze na mtoto, maana mwalimu wako hatapona ikiwa shule nzima bado inamsoma mtoto vibaya.

Mtoto mtoro hukimbilia nyumbani, sokoni au mtoni. Huyu wako kila mara anakwenda mahali pamoja: kwa mdogo wake. Anamtoa chini ya paa na kumpeleka peupe, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuwaangukia. Anaokoa, mwanangu. Anafanya kila wakati wa mvua kazi ambayo asubuhi ile ya Jumapili hakuweza kuimaliza. Na wewe ulipomchapa, swali lake halikuwa jeuri. Alikuwa anakuuliza kama kazi imekamilika.

Kiwewe kiko hivyo. Mwili ulioponea chupuchupu hujifunza dalili za hatari na hauzisahau: mngurumo, harufu ya udongo uliolowa, kelele za watu. Dalili ikirudi, mwili hauendi kwanza kuiuliza akili. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na mtoto atafanya moja kati ya matatu: atakimbia, atapigana, au ataganda. Wakati huo kipindi cha Sayansi hakimwingii hata ukimwandikia ubao mzima. Wengi wetu tunawaona wanaokimbia na wanaopigana. Wale wanaoganda tunawaandikia kwenye ripoti "mpole, ana nidhamu nzuri," na wanapita hivyo hadi Darasa la Saba.

Mimi niliongoza shule miaka 19 kabla ya kustaafu, na ninaye mmoja ambaye hunijia mpaka leo. Kijana wa Darasa la Sita aliyekuwa akisinzia kila siku kipindi cha kwanza. Nilimsimamisha mbele ya darasa muhula mzima. Baadaye sana nikajua kwamba usiku alikuwa anakaa macho mlangoni, kwa sababu baba akirudi amelewa alikuwa anawatafuta wadogo zake. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu asiyekosea.

Sasa viboko vyako viwili. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa kosa kubwa, visizidi 4, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Huenda kwenye kitabu chako kila kitu kiko sawa. Kwa mtoto hakiko sawa. Mwite yeye na mama yake mdogo, siku isiyo na mvua, mlango wazi, ukae kwenye benchi na si nyuma ya meza. Mwambie, "Nilikuchapa kwa sababu sikujua ulikuwa unamlinda mdogo wako. Nilikosea. Hutachapwa tena kwa jambo hilo hapa shuleni." Usiongeze "lakini." Usimwombe asimulie yaliyotokea Katesh, hiyo si kazi yako wala ya mwalimu wake, na mtoto akilazimishwa kusimulia anaweza kurudishwa kule kule. Akitaka kusema, msikilizeni. Asipotaka, mpe chai aende darasani.

Halafu muulize jambo moja tu: mvua ikianza, nini kingemsaidia? Nadhani najua atakachosema. Atataka kumwona mdogo wake. Basi mpe. Wakae madarasa yanayopakana, au mawingu yakikusanyika mdogo aletwe aketi naye dawati moja mpaka mvua ipite. Atapoteza vipindi viwili vya Kusoma kwa mwezi. Leo anapoteza zaidi. Binti akae karibu na mlango, awe na ruhusa ya kutoka hadi kibarazani bila kuinua mkono, na mtu mmoja anayejulikana atakayekuwa naye hapo. Mwalimu alitangazie darasa mapema: "Mvua inakuja, mabati yatapiga kelele, tutaimba." Kwani kwenye darasa lisilo na dari mvua ikinyesha nani anamsikia nani? Imbeni tu, au wachore. Hao 87 wote watafaidi.

Tukija kwa mwalimu wako. Neno "wito" limetumika kuwanyamazisha walimu wengi. Yule dada hakukuambia haipendi kazi. Alikuambia mzigo wa mtoto umemhamia, na hilo huwapata watu wanaoishi karibu na maumivu ya wengine, wauguzi na maafisa ustawi pia. Anaota ndoto za mtoto, anaviogopa vitu ambavyo mtoto anaviogopa. Kutazama mawingu kabla ya kusaini ni dalili hiyo hiyo. Na wewe kama kiongozi umemwachia peke yake watoto 87, mmoja akiwa anaokoa ndugu yake kila mvua ikinyesha, kisha ukamwambia avumilie.

Mrudie. Anza na samahani hapo pia. Nakuona wiki hii utaomba samahani nyingi, haidhuru. Kisha mwambie mambo ambayo mamlaka yako yanaweza, si ahadi za hewani. Kwamba mvua ikianza, wewe au mwalimu mkuu msaidizi mnakuja kwenye darasa lake, hata kama ni kwa dakika 10 za mwanzo. Mgawane siku, iandikwe ukutani kama zamu nyingine yoyote. Kwamba ana haki ya kutoka nje, kunawa uso na kupumua, na mtu wa kumshikia darasa yupo. Kwamba kila Ijumaa baada ya vipindi mtaketi robo saa, umuulize wiki imekwendaje, usichukue kalamu. Hiyo robo saa usiigeuze ukaguzi wa maandalio ya masomo. Walimu wakuu wengi tunajua kusikiliza kwa dakika mbili, ya tatu tunaanza kutoa maelekezo.

Na kama usingizi haurudi, umsindikize hospitali kama ambavyo ungefanya kwa malaria. Hospitali za mikoa na baadhi ya zile za wilaya zina huduma ya afya ya akili. Mpe ruhusa bila kumfanya ajieleze mbele ya watu.

Barua ya uhamisho usiikalie. Barua ya mtumishi ina njia yake. Mwambie kwamba ipo kwako, kwamba akitaka utaipitisha leo, na kwamba ungependa akupe hadi katikati ya masika aone kama mambo yamebadilika. Akisema hapana, pitisha kwa maneno mazuri. Nimeona walimu wakuu wakificha barua droo ya chini wakidhani wamemhifadhi mwalimu. Walichohifadhi ni mwili wake tu.

Sasa ofisi ya walimu, maana hapo ndipo kazi yako kubwa ilipo. Yule mzee wa "hata sisi tulichapwa" usimgombeze mbele za watu. Anasema kweli, alichapwa. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa upande wa ukatili wa kingono, ni karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7. Kwa hiyo binti wa Hanang ni yule tu ambaye kisa chake kimekufikia. Wengine wako mle mle darasani, na wengine, mwanangu, wameshika chaki. Mwalimu aliyeponea utotoni kwa kujifanya jiwe hupandwa na hasira akimwona mtoto ambaye hajawa jiwe. Mzee huyo siku moja mkiwa wawili muulize, "Ulipofiwa, nani alikuwa anakuangalia?" Kisha unyamaze.

Kwa wote, tumia kikao cha jumuiya ya kujifunza, kile cha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambacho shule nyingi hukijaza kwa maandalio na zana. Chukua dakika 40. Usilete hotuba wala kitini. Leta visa viwili visivyo na majina wala vinavyotambulika, na kimoja kati ya hivyo kiwe kosa lako mwenyewe. Waulize: mtoto alifanya nini hasa, kabla yake kulitokea nini, na baada ya hapo alipata nini? Hayo tu. Utashangaa jinsi mwalimu wa Darasa la Pili atakavyokumbuka kwamba fulani huwa anapiga wenzake siku za Jumatatu pekee. Siku nyingine wafanye zoezi la sauti: amri moja, "kaa chini," itamkwe kwa namna tatu, na wenzao waseme ipi ingewatisha. Watacheka, na katika kicheko hicho wataisikia sauti yao kwa mara ya kwanza.

Lakini weka mpaka. Kisa cha mtoto si cha kusimuliwa wakati wa chai ya saa nne. Walimu wa darasa lake wajue la kufanya: mlango, mdogo wake, kibaraza. Habari za wazazi na tope ziishie kwako, kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi. Ukisikia zimezagaa, simama hapo hapo useme. Mtoto akigundua kwamba shule nzima inamwonea huruma kwa macho, ataacha kuja.

Kama unadhani haya ni maneno ya bibi aliyestaafu, yamepimwa. Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wao wa Shule Bora ndani ya shule za msingi, na watafiti wakazilinganisha shule 42, nusu zimepata mpango na nusu bado. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba kwenye shule ambazo bado, karibu nusu ya wanafunzi walisema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki moja tu iliyopita; kwenye zilizopata, ilikuwa chini ya theluthi. Theluthi bado ni wengi, sikudanganyi. Hapa kwetu Tanzania, mtafiti Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa sekondari za serikali mafunzo ya siku 5 na nusu, yakiwa na sehemu ya kumtambua na kumsaidia mwanafunzi mwenye mzigo moyoni. Walichapisha 2018 kwamba ukatili wa walimu ulipungua, na wanafunzi wenyewe walisema hivyo. Mafunzo hayo hayana mashine wala maabara. Walimu hukaa na kufanya mazoezi wao kwa wao, kama watakavyofanya wako kwenye dakika zako 40.

Kuna mambo ambayo shule haiyawezi, na kiongozi lazima ayajue kabla hayajatokea. Mtoto huyu akiacha kula, akijiumiza, akisema hataki kuishi, au hali ikibaki hivi hivi baada ya miezi kadhaa ya utulivu, apelekwe hospitali, na afisa ustawi wa jamii ahusishwe. Siku ukigundua mtoto mwingine anaumizwa nyumbani au, Mungu apishe mbali, na mtu wa shule yako, hapo hakuna kikao cha kusuluhisha wala kumalizana kifamilia. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ustawi wa jamii, na namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo haitozwi. Iandike namba hiyo ukutani nje ya ofisi yako, kimo cha macho ya mtoto wa Darasa la Tatu. Shule nyingi huibandika juu, anakoiona mkaguzi.

Kuhusu kutofundishwa, ni kweli. Ulipokabidhiwa shule ulipewa muhuri, funguo, vitabu vya fedha na orodha ya madawati. Hakuna aliyekukabidhi watoto. Mwalimu mkuu uliyempokea huenda alijua kuhusu Katesh, huenda hakujua. Fomu haikuwa na mstari wa kuuliza. Wakati wako ukifika, mkalishe anayekuja umweleze kwa mdomo: huyu anahitaji kukaa karibu na mlango, yule asiitwe kwa jina la baba. Na kwa sasa, walimu wakuu wa kata yenu mnakutana kwa Afisa Elimu Kata kila mara. Mkimaliza takwimu, lisemeni hili. Ukipata nafasi ya mafunzo ya uongozi kwa ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo, uliza swali hili darasani, mbele ya wakufunzi. Usilifiche kama aibu yako binafsi.

Wewe pia umejiita asiyelala. Unaye mwalimu mkuu msaidizi, mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Cheo hakikukatazi.

Dari mliombe kwenye kikao cha kamati ya shule. Mkipata fedha za chumba kimoja tu, liwe darasa lile. Umeandika mwezi Februari, na masika kwenu hayakawii. Anza na benchi na mama mdogo wiki hii, zamu ya ukutani wiki ijayo. Mvua ya kwanza ikipita, niandikie uniambie binti alisimama wapi.